Kwa Mama Mukubwa Masika, Mwenye Alipimaka Parcelle na Mudomo

Mama Mukubwa mupenzi,

Miye mutu ya bahati, na sioni haya kuisema. Batu bengine Mungu alibapatiaka akili ya masomo. Miye nilirudiaka sixième primaire, darasa ya sita, mara mbili, mais bahati alinimwangia ndoo muzima. Nimefika Kampala, nimefika Nairobi, nimekula kuku ku Dubai meza moja na Bahindi. Camion, ile lori yenye ninakosa, njo inaanguka. Na siku ile batu ya bunduki baliingia ku centre, kijiji yetu kule Mabalako, miye nilikuwa mbali, hapa Butembo, mu mutaa wa Mususa, nimeketi ku salon, mutu ananinyoa ndevu na sabuni ya Bulaya. Risasi hata jina yangu haijue.

Weye, Mama Mukubwa, bahati haukuitafutaka. Ulitafutaka tu kazi, makelele na kichwa nguvu.

Mama yangu, mudogo wako, alinielezaka vile ulitoka ku milima ya Lubero. Bwana yako alikufa, haukuzaa, bashemeji bakakufukuza ku shamba. Mwanamuke mwingine angerudi kwa baba yake kulia. Weye ulibeba jembe, panga, mbegu ya maharagi na mbuzi moja, ukashuka na miguu mpaka mu pori, pahali palikuwa nyani na chui tu. Mutu ya mwami, chifu wa kule, akakuambia, «Mama, mwanamuke halombake pori. Tuandike jina ya mwanaume gani?» Ukamujibu, «Mwanaume mwenye niko naye ni huyu mbuzi. Muandike yeye.» Ule mutu alicheka mpaka akakaa chini. Akakula mbuzi, akakuachia pori. Donc mukaaji wa kwanza wa centre yetu ni weye, na wa pili aliisha mu sahani.

Halafu batu bengine bakaanza kukuya, na hapo njo taabu yetu yote ilianzia. Kila mugeni ulimupatia panga, ukamusukuma mu pori, weye ukapanda juu ya kisiki ya muti ya kwanza yenye ulikataka. Anatembea, weye unaita, «Uko?» Anajibu, «Niko!» Anaendelea. «Uko?» «Niko!» Saa sauti yake inaanza kuwa nyembamba, unapiga kelele, «Simama apo! Jenga apo!» Njo parcelle yake hiyo, kiwanja yake. Ulisema hakuna mutu atajenga pahali haumusikie, kwa sababu chui akikuya, mutu asikufe yeye moja. Sawa, nakubali. Mais angalia matokeo! Mwalimu alikuwa na sauti ya kifaranga, akapata parcelle nyuma ya jiko yako. Catéchiste alikuwa na sauti ya ngombe, akaishia ku mutoni, akakufa akilalamika juu ya mbu. Njia hata moja haikunyooka!

Siku agent wa cadastre, mupimaji wa Serikali, alifika na chaîne yake ya chuma ya kupimia, alizunguka mpaka saa sita, akakuya kwako jasho inamutoka.

«Mama, ni nani alipima hapa?»

«Ni miye.»

«Na nini?»

«Na hii mudomo.»

Akafunga chaîne yake, akalomba maji, akaenda. Hakurudi tena.

Na miye, commerçant, mutu ya biashara, nikajenga butike. Wapi? Nyuma ya choo ya mutu, juu apo njo sauti ya baba yangu iliishiaka! Nilikulomba mara ngapi tubomoe tu nyumba mbili, tupate barabara moja, hata fupi, yenye mutu anaweza kuonea bidhaa yangu? Ukasema, «Batu watakusikia.» Mama Mukubwa, nilikuwa nauza radio na bitenge. Kitenge inasikika?

Ya kunichosha zaidi ilikuwa ya jioni. Jua ikishuka, unapanda ku kisiki, unaita centre yote, nyumba kwa nyumba, na kila nyumba inajibu. Miye mwanaume wa ndevu, baba ya batoto batatu, niko na baclients ku butike, bananunua:

«Kambale! Uko?»

«Niko, Mama Mukubwa.»

«Umekula?»

Baclients bananiangalia. Mmoja anasema, «Commerçant, jibu mama kama umekula, asikuye kukulisha hapa.»

Mutu asipojibu, haukulala. Unaita tena, unaita tena, kisha unachukua fimbo unamufuata. Mama Kavira, jirani wa ku mutoni, siku moja hakujibu. Ukamukuta yeye moja chini, mutoto anatoka miguu mbele. Ukamuzalisha, ukarudi, ukaendelea kuita pahali uliachia. Nilikuwa na hasira juu sisi bote tulikuwa tunangojea tukule.

Sasa ile siku. Mama Kavira njo alinieleza. Asubuhi batu bakaanza kupita na magodoro ku kichwa, bakisema bale ya bunduki bako nyuma, hawako mbali. Kulikuwa camion moja ya cacao inaenda Beni, bâche, ile turubai ya juu, imefungwa. Kulikuwa nafasi yako ndani, godoro yako ilikwisha kupandishwa. Na weye ukashuka! Ukaenda ku kisiki kuita batu.

Mama Kavira alisikia, akabeba batoto, akajibu, akakimbia. Catéchiste mupya akajibu, akakimbia. Mais nyumba mingi ilikuwa wazi tangu asubuhi, batu balikwisha kutoroka bila kukuambia. Na weye, mutu asipojibu, unaitaka tena. Mama Mukubwa! Ulisimama apo unaita nyumba ya bule! «Uko? Uko?» Kwa milango, kwa kuku! Ni nani alikutuma? Chui ilikuwa ingine, hii ilikuwa ingine! Nikifikiria ile, ninapiga meza mpaka bibi yangu anauliza kama niko na wazimu.

Bale benye balirudi ya kwanza balikukuta karibu ya kisiki. Bakakuzika mu shamba yako ya kahawa.

Dimanche hii, siku ya misa, batatia musalaba ku kaburi. Balinichagua miye kwa discours, kuhutubia batu, juu miye njo mutoto wako, tena niko na mudomo. Mama Kavira alikuya mpaka hapa Butembo kuniambia. Alikaa ku kiti yangu, akakunywa chai, akauliza, «Kambale, siku ile weye ulikuwa wapi?» Nikamuelezea ya salon. Akacheka, akanishika mukono, «Kweli weye mutu ya bahati. Dimanche uieleze, batu bacheke kidogo, tumelia ya kutosha.» Aliniamini, Mama Mukubwa. Mutu mwenye uliita mpaka akapona, na miye namupatia sabuni ya Bulaya.

Tangu aende sijauza vizuri. Ninakata kitenge, ninakosa kipimo. Nilianza discours mara ine, kila mara inaanza na bahati yangu, hata hii ya leo umeona vile imeanza. Basi nimeiacha hivyo. Barua hii njo discours. Nitaisoma mbele yao bote, Mama Kavira akiwa ku musitari wa kwanza, na kama baada ya hapo hakuna mutu atanipatia chakula, nitarudi na njaa.

Pumzika sasa, Mama Mukubwa. Wachia bengine kelele.

Ku salon sikukuwa. Nilikuwa ndani ya ile camion, chini ya bâche, nyuma ya mifuko ya cacao. Nafasi yako na yangu, ni miye nililomba. Nilikuambia mara tatu, «Panda!» Ukasema, «Ngoja, bado hawajajibu.» Nikakasirika, tena niliogopa. Nikagonga ubao, nikaambia dereva, «Enda, umuache.» Camion ilipoanza ukaita jina yangu. Nilisikia muzuri. Sikujibu.

Mutoto wako, mwenye mudogo wako alizaa na weye ukakomalisha,

Kambale