Mguu Uliouma Mama

Mpendwa mama,

Sasa nimejua. Tangu msimu wa kupanda mpunga, mguu wangu nao umeanza. Maumivu yanatoka kiunoni, yanashuka takoni na nyuma ya paja mpaka kwenye kidole kidogo, kama waya wa moto ndani ya nyama. Siwezi kukaa kwenye benchi mpaka misa iishe. Nikikohoa, naona giza.

Ndivyo ulivyokuwa ukituambia kule kijijini Wamaza. Nakukumbuka umelala mkekani mchana kweupe, magoti umeyakunja, nami nashika jembe kwa hasira.

“Mama, huu ugonjwa unakujaka tu siku ya shamba?”

“Mutoto wangu, iko kitu inanichana ndani.”

Majirani walisema umekanyaga dawa iliyotegwa njiani. Baba mdogo akakuchanja mguu kwa wembe, akapaka majivu. Hukulia. Kesho yake ukaenda kulima, unaburuta mguu, mimi niko mbele, sikungoji.

Kisha ikaja asubuhi ile ya risasi. Watu walipita mbio kutoka upande wa Salamabila. Nilimfunga mtoto wangu mdogo mgongoni, mkubwa nikamshika mkono, wewe ukatufuata. Tulipofika kwenye michikichi nyuma ya kijiji ukasimama, jasho linakutoka.

Nilikupigia kelele, mama. “Jikaze! Unataka watoto wafe juu ya huo mguu wako?”

Ukajishusha chini taratibu, umeshika shina. “Enda. Peleka watoto. Miye nitakuja.”

Nilienda. Sikugeuka hata mara moja.

Tuliporudi baada ya siku nne, wanaume walikuwa wameshakuzika. Hukuwa na jeraha la risasi, walisema. Mvua ilinyesha siku mbili mfululizo, nawe ulikuwa na homa tangu kabla ya siku ile. Hawakukukuta kwenye michikichi. Walikukuta mbali, karibu na mto, upande tuliokimbilia, viwiko na magoti vimechubuka.

Huku Kasongo ninakoishi sasa, muuguzi alinilaza chali, akaniinua mguu ukiwa umenyooka, nikapiga ukelele. Akasema, “Hii si uchawi, mama. Iko neva kubwa inatoka mu mugongo, inashuka mu mguu. Imebanwa. Usibebe mizigo, lakini usilale siku nzima, tembea kidogo kidogo.” Akauliza kama kuna mwingine katika familia aliyeumwa hivi. Nikaanza kulia. Alidhani nalia kwa sababu ya mguu.

Jana yule niliyembeba mgongoni, msichana mkubwa sasa, alinikuta nimejilaza. “Mama, unalala tena?” Sikukasirika. Nilichukua mkono wake, nikaupitisha kwenye njia ya maumivu, toka kiunoni hadi kidole kidogo. Nikamwambia kwamba bibi yake aliumwa hivihivi. Halafu nikamwambia yote, na maneno niliyokutupia.

Aliondoa mkono wake, akatoka nje.

Pumzika, mama. Sina udhuru wa kukuletea.

Ni mimi, binti yako wa kwanza.