Kamera Inayovuta Mbali

Mama Neema wangu, salamu kwako na kwa watoto.

Dukani ulinisihi tuchukue kamera isiyoingia vumbi. Nikang'ang'ania hii inayovuta mbali, eti nipige watu picha bila kuwasumbua. Leo hapa Kigwa nimempiga picha bibi mmoja akianika uyoga ng'ambo ya reli. Akaniona, akaingia ndani. Nikajua nimemuudhi. Kumbe amekwenda kuvaa gauni la kanisani! Akatoka, akaniita:

"Mjukuu, mbona umesimama huko kama mgeni? Njoo karibu, unipige vizuri."

Nilitamani kuficha uso nyuma ya kamera, nayo ndogo, haizibi hata pua.

Amekufungia uyoga, nakuletea. Wabusu watoto, ila wasijue baba yao alipiga picha kabla ya shikamoo.

Baba Neema