Viputo Vile Vilikuwa Vyako, Mama

Mama, mwaka umetimia tangu ulipotutoka asubuhi ile, chai yako ikiwa bado mezani. Mlango ukilia, kuna anayeropoka bado kwamba umerudi kutoka kazini.

Tunakumbuka soda zako. Kwenye kila sherehe uliinua glasi dirishani ukavitazama viputo vikipanda, hiki kimenyooka, kile kinayumba kama mlevi, mpaka gesi yote ikaisha. Wajukuu walikwishazoea kukuletea maji ya kunywa badala yake. Ulicheka, ukawavuta karibu, ukaanza kuwaeleza.

Kazi yako ilikuwa kuuandika mwendo huo kwa hesabu. Katika bwawa la kusafishia majitaka ulikoajiriwa, hewa hupulizwa kutoka chini ili vijidudu vinavyokula uchafu vipate kupumua. Mkurugenzi alitaka mabomba yenye matundu makubwa, maji yachemke, wageni waone kazi inafanyika. Milinganyo yako ilimkatalia: kiputo kikubwa hukimbilia juu kikapasuka na hewa yake, kidogo hupanda polepole na kuiachia majini.

"Debe tupu haliachi kuvuma," ulimwambia kikaoni, ukidhani unatania.

Hakukusamehe. Walikubatiza Mama Povu, wakakuhamishia stoo, na mji mzima ukaendelea kuziba pua.

Mwezi uliopita walizindua mabomba mapya. Matundu madogo, Mama, kwa vipimo vyako vilevile! Kibao ukutani kina jina la mkurugenzi, na hotuba ikasema wazo lilimjia yeye. Wewe hukutajwa hata kwa bahati mbaya. Chanda chema huvikwa pete. Yako kimevikwa kidole cha mtu mwingine, tena mchana kweupe. Tumekasirika, na hatumung'unyi maneno: huo ni wizi.

Baba, unayemjua kwa haya zake, aliinua mkono. Alimwomba mkurugenzi awaeleze wageni kwa nini matundu madogo ni bora. Mkurugenzi akatabasamu, akasema hayo ni ya kitaalamu, aulizwe mtaalamu.

"Mtaalamu tulimzika mwaka jana," Baba akasema, akaketi.

Hotuba iliishia hapo.

Unakumbukwa na mumeo, binti zako wawili, kitindamimba wako aliyerithi ubishi wako, kaka yako fundi bomba, wakwe na wajukuu. Hatutakusahau kamwe, wala hatutanyamaza mpaka kibao kile kishushwe.