Karatasi za Chingamu

Roret

Mdogo wangu Chepchirchir,

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako hushikwa na mumeo Kiptanui, na haya ni yetu wawili. Huku ng'ombe wa madoa amezaa ndama jike.

Yale uliyoniambia kanisani sijamwambia mtu. Unasema mumeo ana mwanamke: anarudi nyumbani bila njaa, usiku halali usingizi, na mifuko ya suruali imejaa karatasi za chingamu. Unataka twende Chebunyo, siku ya soko, tumtafute huyo mwanamke.

Siendi. Mimi pia nilimshuku marehemu mume wangu hivyo hivyo. Baba Aron aliacha kugusa maziwa yangu ya mursik, akawa mkali kama nyuki. Miaka miwili nilinusa mashati yake nikitafuta manukato. Nilimtukana mjane wa watu mbele ya watoto wake, na mpaka leo yeye ndiye hunisalimia kwanza.

Siku Baba Aron alipoanguka akafa akichuma chai, daktari aliniuliza alikuwa akitumia nini. Nikasema hakuna. Akatoa kwenye koti la marehemu fungu la majani ya muguka, na chingamu ya kutafuna pamoja nayo, ya kupunguza uchungu wake mdomoni. Alisema majani hayo hunyima mtu usingizi na njaa, na huukimbiza moyo mpaka ukachoka.

Wacha kunusa mashati. Kiptanui akikaa, weka sikio kifuani kwake, usikie kama moyo unakimbia. Ukikimbia, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Mimi sikuwahi kusikiliza.

Dada yako,
Chepkurui