Jina la Mama Kwenye Kifurushi cha Tirtha

Keshari, uko? Nimejiaibisha leo, sijui uso niuweke wapi.

Unajua mdogo wangu Tirtha anavyotugawia mapishi ya ukoo. Anayafunga kwenye kifurushi kimoja, ile programu-jalizi, na kila mtu anakichomeka kwenye wiki yake mwenyewe, lile daftari la kurasa kwenye simu. Ukurasa wa achari ya lapsi, yale matunda machachu ya kwetu, ulikuja bila jina la mama. Achari ya mama yetu! Tirtha akasema, samahani dada, kifurushi kipya kitakuwa nalo. Kikaja, nikakichomeka, nikafungua. Jina hakuna.

Basi leo nyumbani kwake, mbele ya wakwe zake, watu wanakula, nikamwambia: "Mwizi wewe! Hata marehemu unamwibia?"

Nilisema mwizi, Keshari. Mwizi!

Mjukuu wangu Prasuna akafungua simu yake. Jina la mama lipo juu kabisa, na picha yake.

"Bibi, uliwahi kuugusa ukurasa huu?"

"Nilipunguza chumvi tu."

"Ndiyo hiyo sasa! Ukishabadilisha, nakala yako inaufunika ukurasa wa kifurushi. Hata kije kipya, utaona ya kwako tu."

Akachukua simu yangu, akaifuta nakala yangu. Mama akatokea pale pale, ananitazama.

Tirtha hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Dada, muda wote huo ulikuwa unakula kwangu huku unaniona mwizi?"

Nikatoka na kandambili zisizo zangu.

Kesho nisindikize, shoga. Peke yangu mlango wake siuwezi.