Alama ya Jua kwenye Rimoti

Nyumbani,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu,

Kwa heshima na taadhima, nautangazia ukoo mzima, nikianzia kwako uliye mbali, kwamba leo nimejiuzulu cheo cha Injinia wa nyumba. Kwa kuwa hakuna aliyeniteua, sikujua barua nimpe nani. Ndiyo hii.

Kwanza, hujambo? Shemeji na watoto wazima? Mgongo umepona, au bado unainuka kwa kushika meza? Huku tu wazima, isipokuwa uso wangu, ambao sijui niuweke wapi.

Ile mashine ya hewa uliyosema tumnunulie Mama ya kumpashia chumba joto niliichagua mwenyewe. Muuzaji alipoanza kunieleza nilimkata kauli: nimeshasoma. Na kweli nilikuwa nimesoma mtandaoni kompresa, thamostati na njia za gesi. Nikawafundisha nyumbani kwamba mashine haitengenezi joto, inalihamisha. Hata nje kukiwa baridi, inalichota huko na kulileta ndani.

Wifi yako akauliza, "Injinia, hilo joto la nje liko wapi, mbona tunatetemeka?"

Nikamwambia asubiri elimu imwingie.

Baridi ilipoanza nilibonyeza alama ya jua kwenye rimoti, nikaweka nyuzi thelathini. Nikaamuru dirisha liachwe wazi kidogo, kwa ajili ya mzunguko wa hewa. Mama akasema, "Mwanangu, mbona inanipulizia baridi?" Nikamwonyesha namba. "Thelathini hiyo, Mama. Baridi iko mifupani mwako, chumbani haimo."

Aliniamini. Akaacha kulalamika, akawa anakaa kitandani na sweta mbili, akinishukuru. Kisha akaanza kumwambia wifi yako nani apewe nguo zake zipi, maana mwili ukishapoa wenyewe hauna safari ndefu. Dada akaja, akamtazama, akanitazama, akamchukua kwake.

Juzi nikaketi pale Mama alipokuwa akiketi, nikaiwasha mashine. Meno yaligongana. Nikaenda dukani kufoka.

"Mzee, hii ni ya kupoza tu," muuzaji akasema. "Ya kupasha joto ni nyingine. Rimoti ndiyo moja kwa zote. Si ulisema umeshasoma?"

Kumbe kwa mashine yetu lile jua lilikuwa pambo. Nilikuwa nampulizia mama yangu mzazi feni, huku nikimwambia anakwisha.

Nimekwenda kumwambia kosa ni langu. Akanipapasa mkono. "Usijilaumu, mwanangu. Mashine ni nzuri. Ni mimi tu." Maneno yangu ya kwanza yamemwingia, haya ya pili yanagoma. Tafadhali mpigie wewe, umwambie haumwi. Mimi nimeshatumia imani yake yote.

Wifi yako anakusalimu. Siku hizi ananiita Mstaafu. Nisalimie shemeji, nishikie watoto mashavu. Mola akulinde, na akuepushe na ndugu wanaosoma nusu.

Ni mimi nikupendaye, ingawa kwa aibu,
Kaka yako.

Nilisahau: kwa Dada, Mama amevua sweta zote mbili. Dada hana mashine. Anafunga dirisha.