Kigingi cha Kumi na Saba

Jumatatu, 10 Juni 1974

Leo miezi minne kamili tangu niondoke Tukuyu. Mkataba unaisha Desemba. Magoti yanauma.

Safari ni ileile. Kutoka kambini hadi shamba jipya la ujamaa ni vilima vinne. Viwili nasukuma baiskeli, viwili nakanyaga nimesimama. Hakuna mti. Majani tu, ya manjano, yamelala upande mmoja kwa upepo. Breki zimekufa. Nateremka nikibana tairi la mbele kwa soli ya kiatu. Soli ya kushoto imetoboka.

Keria inabeba vigingi ishirini, nimevifunga kwa ukanda wa tyubu. Kila kimoja kina urefu wa mkono wangu, kichwa kimepakwa rangi nyekundu. Ndugu Kasimu, mpimaji, anapima kwa futi kamba na kuandika. Mimi napigilia. Baada ya wiki mbili trekta italima kila kitu kilicho ndani ya mstari.

Juu ya kilima cha tatu ndipo nilipomshusha yule mama mwezi uliopita, siku watu walipohamishwa. Lori lilijaa, akaachwa. Nilimpakia kwenye keria na mtoto wake mgonjwa mgongoni. Mtoto alilia njia nzima, ananyamaza nikipiga kengele tu. Basi nilipiga kengele vilima viwili.

Jumatano, 12 Juni

Ardhi imekauka. Nyundo inaruka, kigingi hakiingii. Viganja vimechubuka.

Nimepata njia. Wafipa, wenyeji wa huku, wanakata majani, wanayakusanya na kuyafunika kwa udongo. Yanakuwa matuta ya mviringo, yanafika gotini, shamba zima. Wanayaita ntumba. Majani yanaozea ndani, mwakani wanayatawanya na kupanda ulezi. Kwa hiyo ndani ni laini. Nikiona ntumba karibu na alama ya Kasimu, nasogeza kigingi hatua mbili tatu, napigilia humo. Yeye yuko mbali na daftari lake.

Cha kumi na saba nilikisogeza hatua nne. Kiliingia kwa mapigo mawili. Tuta laini kuliko yote. Nilifurahi.

Alhamisi, 13 Juni

Cha kumi na saba kimeng'olewa. Hakikuibiwa. Kimelazwa kando ya tuta, kimenyooka, kichwa chekundu kinatazama njia. Shimo limezibwa kwa udongo na majani.

Mtu wa kuni angekichukua. Ng'ombe hawezi kulaza kigingi. Sielewi. Nimekipigilia tena.

Jumamosi, 15 Juni

Tena!

Leo Kasimu alikuwepo akaona. Amenifokea mbele ya watu. Yohana, dereva wa trekta, ameniuliza kama kigingi changu kinaamka kwenda misa. Watu wakacheka. Kasimu hakucheka. Amesema kikitoka mara ya tatu nitarudi kwetu na barua.

Nimekuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Nimepanda juu ya lile tuta kwa miguu yote miwili. Nimelikanyaga likashuka. Nimepiga kigingi mpaka kikabaki kichwa tu, nikaweka jiwe juu yake. Nimetukana pia.

Jumatatu, 17 Juni

Jiwe limeviringishwa pembeni. Kigingi kimelazwa palepale. Na tuta limejengwa upya, lile nililolikanyaga. Limepapaswa kwa viganja, alama za vidole zinaonekana.

Nilisimama hapo na baiskeli nikashindwa hata kutukana. Alama ni ndogo. Ni mikono ya mwanamke.

Sijamwambia mtu. Nimekichomeka juujuu, kisimame tu. Kesho nawahi.

Jumanne, 18 Juni

Nimemwona.

Nilitoka kambini kabla ya chai. Nililaza baiskeli nyuma ya kilima cha nne, nikapita kwenye majani nimeinama. Bibi kizee, amepiga magoti, rozari imezungushwa mkononi. Kigingi alikuwa ameshakitoa. Nilimrukia kwa kelele. Halafu nikaona mvi, nikasema shikamoo. Ameitika marahaba bila kugeuka, akaendelea kuziba shimo.

Jina lake Bibi Kalista. Kiswahili chake kidogo, anachanganya na Kifipa. Nilimwuliza kwa nini ananitafutia kufukuzwa kazi. Aliinuka. Alikwenda mpaka nilipolaza baiskeli, mimi nyuma yake. Akaishika kengele. Hakuipiga.

"Ni wewe wa kengele," akasema. "Ulimbeba Tereza wetu."

Tereza ndiye yule mtoto. Alikufa wiki mbili baada ya kuhama. Kijiji kipya bado hakijapimiwa makaburi, na kurudi mahameni, walikohamishwa, kumekatazwa. Kwa hiyo walimleta huku, bibi na mama yake peke yao, wakamzika kwenye shamba la mama yake. Wakamfunika majani na udongo kama ntumba nyingine, mtu akipita asiulize.

Nilisikia lakini sikusikia. Nilimwambia aseme tena.

"Umempigilia mara tatu, baba," akasema. "Na jana ukapunguza nguvu. Nikajua una moyo."

Nilikaa chini kwenye majani. Bibi alikunja khanga yake, akaniambia mama wa Tereza hajui habari ya kigingi, na asijue; na habari ya kaburi asijue mtu. Akaenda.

Jumatano, 19 Juni

Leo siwezi kupanda baiskeli. Nimeisukuma hata kwenye miteremko. Nikiikalia naona naanguka.

Kigingi kina urefu wa mkono wangu. Sikuthubutu kumwuliza bibi walichimba kina gani. Wanawake wawili, udongo mgumu, wanaogopa kuonekana. Sitauliza kamwe.

Na Jumamosi nilisimama juu yake. Kwa viatu.

Kwetu kaburi liko uani, chini ya migomba, hata mgeni analijua. Mimi nimeona matuta mia nikadhani yote ni kilimo. Kama ningepigilia pale Kasimu alipoweka alama, nisingemgusa. Uvivu wangu ndio uliomgusa.

Sijala.

Alhamisi, 20 Juni

Trekta ni Jumatatu. Nimekwenda kupima kwa hatua. Alama halali ya Kasimu iko hatua nne nje ya tuta. Yaani nikirudisha kigingi mahali pake, Tereza yuko ndani ya shamba. Nikikiacha pale juu, jembe la trekta linapita juu yake. Kote ni kulimwa.

Nikimweleza Kasimu, ataandika. Yeye anaandika kila kitu. Wataulizwa nani alirudi mahameni na kwa ruhusa ya nani. Au watamfukua wamhamishe, naye ameshahamishwa mara moja na ikamwua. Bibi alisema asijue mtu. Alisema mara mbili, kwa Kiswahili na kwa Kifipa.

Jumapili, 23 Juni

Wote wamekwenda misa. Mimi Mmoraviani, hakuna aliyeniuliza.

Nimevuka vilima vinne bila kushuka. Sijui miguu ilipata wapi nguvu. Nimeng'oa vigingi saba, kuanzia cha kumi na nne hadi cha ishirini, nikaviingiza ndani ya shamba. Sasa mstari unapinda kama kiwiko, tuta linabaki nje kwa hatua sita. Kila kigingi nimekipigilia kwenye udongo mgumu, hakuna hata kimoja kwenye ntumba. Mpini wa nyundo umepasuka kwenye cha tano. Viwili vya mwisho nimepiga kwa jiwe. Damu viganjani.

Nimefunika mashimo ya zamani. Najua kiwiko kitaonekana. Mstari wa serikali haupindi.

Jumatatu, 24 Juni

Kimeonekana saa ileile.

Yohana alifika kwenye kiwiko akasimamisha trekta. Akapiga kelele, "Mpimaji, mstari wako umelewa!" Kasimu akaja na daftari. Akatazama vigingi, akatazama karatasi, akanitazama mimi.

"Nani amepiga hivi?"

"Mimi, ndugu."

"Alama niliweka mimi mwenyewe. Ulipotelea wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa tangu jana. Nikasema upepo ulizing'oa alama zake, nikapima upya mwenyewe, nikachanganya namba. Nimeishia darasa la nne.

Ameamini. Mara moja, hata sentensi sijamaliza. Hilo limenishtua kuliko kelele zake. Miezi minne nambebea vigingi, na kumbe ndivyo alivyonijua siku zote.

Alitaka nivirudishe. Yohana akasema dizeli aliyonayo ni ya leo, na jioni trekta inangojwa kijiji kingine. Kama ni kupima upya, yeye anaondoka sasa hivi. Kasimu akatukana, akasema lima hivyohivyo.

Yohana hakupanda trekta kwanza. Alitazama lile tuta moja lililopapaswa vizuri kuliko mengine. Akanitazama viganja. Mzaha wote ukamtoka usoni. Alipofika kwenye kiwiko aliinua majembe mapema, akaacha hatua nyingine tatu zaidi ya nilizoacha mimi. Kasimu alikuwa ameinamia daftari.

Kisha Kasimu akaniambia mkataba wangu umekwisha.

Jumanne, 25 Juni

Barua. Imeandikwa "uzembe". Nimeisoma mara tatu. Tumpe, mke wangu, atataka nimsomee. Sijui nitasoma neno gani mahali pake.

Sijuti. Naogopa, lakini sijuti.

Alhamisi, 27 Juni

Nimerudisha baiskeli ya kazi Sumbawanga. Nimelala Majengo kwa mtu wa kwetu mwenye duka.

Nilipita njia ya vilima vinne, ingawa ya barabarani ni fupi. Upepo ulikuwa nyuma yangu. Shamba limelimwa, jeusi, linapinda pale. Tuta limesimama kwenye majani na wenzake, huwezi kulitofautisha. Kwa mbali mwanamke kijana alikuwa anakata majani, amenipa mgongo. Sikusimama. Nikisimama mtu ataona nimesimama.

Nilipiga kengele mara moja. Mwanamke aliinua kichwa.

Aliyepewa baiskeli sasa ni kijana kutoka Milepa. Nimemwonyesha jinsi ya kubana tairi kwa soli, na nimemwambia asipigilie kigingi kwenye ntumba, maana hakishiki. Amekubali.

Lori la Tunduma linaondoka Jumamosi asubuhi. Natarajia kufika nyumbani Jumatatu, tarehe mosi Julai.